Santuri ya Bi Fidelina

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mpeleka barua wa mtaa wa Obrero hapa Cali, na nyumba ya Fidelina Carabalí ilikuwa ya mwisho katika mzunguko wangu wa asubuhi. Kwa hiyo naweza kusema, bila kuongeza chumvi, kwamba nimesikia santuri moja ikipigwa katika nyumba moja kwa muda mrefu kuliko ndoa yangu ya kwanza ilivyodumu.

Fidelina alikuwa mshonaji wa kola. Kiwanda kimoja cha mashati kilimletea vitambaa kila Jumatatu na kuja kuchukua kola kila Jumamosi, dazeni kwa dazeni. Shati zima hakuwahi kushona, wala hakutaka. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, asiyependa maneno mengi. Alihamia mjini na mama yake kutoka Puerto Tejada akiwa mtoto wa miaka sita, mama akafariki, akabaki yeye na kaka yake Eliécer, baharia wa meli za kahawa zilizotoka Buenaventura kwenda New York. Hakuolewa. Watu walipomuuliza sababu, aliwajibu kwamba hakuna aliyemwomba kwa sauti ya kueleweka.

Siku hizo mabaharia ndio waliotuletea muziki. Meli ikitia nanga Buenaventura, wenye kumbi za dansi wa Cali walikuwa wameshafika bandarini. Mwaka 1974 Eliécer alirudi na santuri kumi. Tisa zilinyakuliwa kabla hajavua viatu. Ya kumi ikamdodea. Ilikuwa ya kundi la watu sita kutoka Ponce, kule Puerto Rico, waliojiita Sexteto Almácigo, na jalada lake lilikuwa na picha ya ndoo tupu na jina la albamu: Maji ya Kisima.

Sisi watu wa Cali tulikuwa na ugonjwa wetu. Santuri iliyotengenezwa izunguke taratibu, tuliizungusha kwa kasi, maana miguu ya wachezaji wetu haina subira. Nyimbo nyingi zilinoga zaidi hivyo, na wanamuziki wenyewe wangezisikia wasingezijua. Lakini hii, mwenye ukumbi alipoipandisha kasi, ilitoa mlio kama wa bata waliofungiwa kwenye gunia. Akairusha ndani ya jalada lake.

"Chukua takataka yako, Eliécer. Kwa hii hata mazishini hawachezi wala hawalii."

Eliécer akampelekea dada yake. "Ikikushinda, funikia sufuria," alimwambia. Safari iliyofuata alishuka Newark akaingia mjini na hakupanda tena meli. Tangu hapo alikuwa mtu wa barua, mbili kwa mwaka, na mpelekaji nilikuwa mimi.

Fidelina alikuwa na gramafoni ya sanduku aliyoachiwa na mama yake. Kitufe cha kubadilishia kasi kilikuwa kimeganda, kwa hiyo ilijua mwendo mmoja tu, ule wa taratibu. Santuri za mama zilikuwa zimeharibika mwaka wa mafuriko. Akabaki na gramafoni isiyo na cha kupiga, na santuri isiyo na wa kuitaka.

Mwezi wa kwanza nilimkuta anaipiga, nikamuuliza mlangoni, "Umeipenda, jirani?"

"Hata. Wanapiga kama watu wanaosubiri basi."

"Sasa mbona unaipiga?"

"Kelele ya cherehani inanichosha zaidi. Barua iko wapi?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuisikiliza kwa mapenzi. Aliiweka tu, kama mtu anavyoacha dirisha wazi. Upande wa kwanza ukiisha alimaliza kola aliyokuwa nayo mkononi, akaigeuza.

Lakini mwaka wa pili aliniambia jambo akiwa amesimama mlangoni na pini mdomoni. Alisema mpiga piano wa kundi lile ni mkaidi. Kila wimbo unapotaka kwenda upande mmoja, yeye anabaki nyuma akirudia noti zilezile tatu, na wenzake ndio wanaomrudia. "Nilidhani hajui kazi," alisema. "Kumbe ndiye anayewashikilia wote." Mwaka wa nne akaniambia kwamba mpiga besi anachelewa makusudi, upana wa uzi tu, na ndiyo maana mguu unashindwa kujua ukanyage wapi. Mimi niliitikia tu kwa adabu. Nilikuwa na mfuko wa barua begani, na muziki kwangu wakati ule ulikuwa kitu cha Jumamosi, pamoja na bia.

Mwaka 1983 homa ya dengi ililaza nusu ya mtaa, na Fidelina alikuwa mmoja wao. Alilala siku kumi na mbili. Amparo, mke wangu wa sasa, alikwenda kila siku kumpelekea supu ya kuku na kumgeuzia santuri, maana mgonjwa aliomba hivyo hata kabla ya kuomba maji. Cherehani ikawa kimya kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Siku ya nane nilipita kumjulia hali, nikamkuta ameketi kitandani, macho mekundu, mikono imekauka kama majani ya mahindi.

"Arcesio," akaniita. "Humo ndani mna mwanamke."

"Ndani wapi?"

"Upande wa pili, wimbo wa tatu. Wale waitikiaji wanapoitikia mara ya nne. Yuko nyuma yao. Anaingia, halafu anatoka."

Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa la moto. Nikamwambia apumzike.

Homa ikaisha, mwanamke hakuisha. Fidelina alimsikia akiwa mzima, akiwa amechoka, akiwa na hasira. Alinifundisha mahali pa kutega sikio, nami nilitega nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mwingine nje, nikasikia wanaume wanaimba. Tukaacha hapo. Ikapita miaka minane.

Sasa niwaambie kuhusu baa ya Ovidio Lasprilla. Kila Jumapili alasiri, wapenda muziki wa mtaa walikutana pale, kila mmoja na santuri zake kwapani kama mtu anayekwenda mahakamani na ushahidi. Sheria ilikuwa moja: nyimbo mbili kwa kila mtu, na anayepiga anaeleza. Bingwa wa maelezo alikuwa Ulpiano Rentería, daktari wa meno, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye santuri elfu nne nyumbani na kalamu mfukoni. Alijua nani alipiga nini, mwaka gani, studio ipi, namba gani imechongwa karibu na shimo la katikati. Ukisema jina kwa kukosea alikusahihisha kabla hujafunga mdomo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amezoea kuongea na watu waliofungua midomo wasioweza kujibu.

Jumapili moja ya Agosti 1991 Fidelina aliingia na Maji ya Kisima mkononi. Wanawake walikuja pale kucheza, au na waume zao, lakini mwanamke mwenye santuri yake hatukuwa tumemwona. Ovidio alipangusa mikono.

"Karibu, Bi Fidelina. Umetuletea za Krismasi?"

"Upande wa pili, wimbo wa tatu. Na usiukimbize."

Wimbo ukaanza. Jozi mbili zilizokuwa uwanjani zikajaribu hatua, zikapotea, zikaketi. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka kaunta, "Ovidio, huyu bibi katuletea dawa ya usingizi!" Wengine wakapiga miayo ya kejeli. Fidelina alisimama tu kando ya spika, mkoba mbele yake, mpaka wimbo ukaisha.

"Mmemsikia yule mwanamke?" akauliza.

"Mwanamke gani?"

"Anayeitikia nyuma yao."

Kicheko kikazuka. Daktari Rentería akainuka polepole, akachukua jalada, akaligeuza.

"Bi Fidelina, samahani. Santuri hii niliwahi kuwa nayo, nikaibadilisha kwa mbili bora zaidi. Waitikiaji ni watatu, wote wanaume, majina haya hapa. Hiyo sauti nyororo ya juu ni ya Moncho Berríos. Koo la ndege! Nimemfuatilia Moncho katika santuri tatu."

"Mimi nasema kuna mwanamke, Daktari."

"Pengine umezoea kuipiga kwa kasi. Mwanamume ukimkimbiza vile, hata mimi nitakuwa shangazi yako."

Watu wakagonga meza. Fidelina akasubiri wamalize.

"Gramafoni yangu haijui kukimbia. Wewe umeisikiliza mara ngapi?"

"Mara mbili. Kwa mtu mwenye sikio, zinatosha."

"Na mgonjwa unamchungulia mdomoni mara mbili tu ndipo unang'oa?"

Hapo ndipo Ovidio alipomwaga bia. Hata daktari alicheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Fidelina akasema bila kupandisha sauti, "Njoo kwangu Alhamisi, ukimaliza kazi. Sikiliza mpaka umsikie. Krismasi ikifika hujamsikia, santuri nakupa."

"Naja," alisema daktari. "Na Arcesio aje, awe shahidi."

Basi tukaenda. Sebule ya Fidelina ilikuwa na viti vitatu, meza ya cherehani, na kola zilizopangwa kwa rangi ukutani. Alhamisi ya kwanza daktari aliketi wima kama yuko kanisani, akaandika kwenye kijitabu. Wimbo ulipoisha alisema, "Wanaume watatu." Fidelina akaturudishia sindano mwanzoni. Baada ya mara tatu alitupa pandebono, vile vimikate vya jibini, za moto, na kikombe cha maji ya sukari guru, tukaenda zetu.

Alhamisi ya pili, wanaume watatu. Ya tatu, wanaume watatu. Lakini daktari alikuwa amebadilika kidogo. Aliacha kuandika. Alianza kuuliza maswali ambayo hayakuhusu mwanamke. "Huyu wa besi, mbona kama anachelewa?" Fidelina akasimamisha cherehani. "Ulikuwa hujui?" "Sikuwa nimeona." Wakaanza kuzungumza wao wawili, mimi nikawa mtu wa kula mikate. Fidelina alimwonyesha yule mpiga piano mkaidi, na mahali ambapo mkwaruzaji wa kibuyu anaacha kabisa kukwaruza kwa pumzi mbili ili tarumbeta iingie penye nafasi. Daktari alitikisa kichwa. Alisema ana santuri elfu nne, na hadhani kuna hata moja aliyoisikiliza mara kumi. Aliisema kwa mshangao, kama mtu aliyegundua kuwa hajui jina la jirani yake wa ukuta mmoja.

Alhamisi ya tano nilimsikia mimi.

Sikuwa hata nimetega. Nilikuwa nachuna ganda la chungwa. Kiitikio kilifika mara ya nne, na nyuma ya wale wanaume, mbali kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye dirisha ambalo umelipita kila siku bila kuinua macho, alikuwepo. Sauti nyembamba, isiyojikaza, akaimba maneno manne na kunyamaza. Nilisimama, chungwa likaanguka. Fidelina aliniona, akatabasamu, akarudi kwenye kola yake. Daktari alikuwa ameinamia spika kabisa, uso umekunjamana, wala hakuona lolote.

"Wanaume watatu," alisema.

Nikashangaa. Sasa nilipokuwa nimeshamjua, yule mwanamke alisikika waziwazi kama kengele ya muuza barafu. Inawezekanaje mtu ameweka sikio pale pale asimsikie?

Jibu lilikuja wiki mbili baadaye. Fidelina alikuwa amenunua birika jipya, lile linalopiga filimbi maji yakichemka. Jiko lilikuwa nyuma tu ya kiti cha daktari. Santuri ilikuwa imeisha, tumekaa tunaongea, birika likaanza kupiga filimbi, kali, ya kutoboa kichwa. Fidelina akainuka haraka.

"Unakwenda wapi?" daktari akamuuliza. "Si unimalizie habari ya tarumbeta?"

Fidelina alisimama katikati ya sebule. Mimi nikamtazama daktari. Filimbi ilikuwa inalia mita moja kutoka kisogoni kwake, na yeye alitutazama kwa zamu, mmoja na mwingine, akitaka kujua tuna nini. Halafu akageuka, akaona mvuke unatoka kwenye mdomo wa birika. Aliutazama muda mrefu.

"Linalia?" akauliza.

"Linalia, Daktari," Fidelina akamjibu.

Akaenda akalitoa jikoni. Daktari alikunywa maji yake ya sukari guru mpaka tone la mwisho, akashukuru, akaondoka. Njiani, tulipofika kona, alinishika mkono.

"Ni ile mashine ya kutobolea meno," alisema. "Miaka thelathini inalia karibu na kichwa changu. Mwanangu alinitania mwaka juzi kwamba sisikii simu, nikamgombeza. Arcesio, yule mwanamke, wewe unamsikia?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia namsikia.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Na hukusema."

"Ningesemaje?"

Akaachia mkono wangu. "Jumapili ile nilisimama mbele ya watu nikasifu koo la Moncho Berríos. Sijui kama niliwahi kulisikia. Nilikuwa nimelisoma tu."

Alhamisi iliyofuata nilidhani hatakuja. Alikuja, saa ileile, na mfuko wa machungwa. Fidelina hakumpa pole wala hakumuuliza lolote. Alimwambia tu, "Weka mkono hapo juu ya mbao za spika, Daktari. Besi utaipata vizuri zaidi." Akauweka. Akafumba macho, akaisikiliza albamu nzima upande kwa upande bila kusema wanaume wangapi.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi baa ya Ovidio ilijaa. Habari za ahadi zilikuwa zimezunguka, na watu walitaka kumwona Fidelina akikabidhi santuri yake. Daktari Rentería alisimama mbele ya kaunta.

"Mwanamke yupo," alisema.

"Umemsikia?" Ovidio akauliza.

"Sijamsikia, na sitamsikia. Masikio yangu yameharibika. Arcesio anamsikia. Nilimchukua binti yangu wiki iliyopita bila kumwambia chochote, akamsikia mara ya tatu. Bi Fidelina alisema kweli, na mimi nilibisha kwa kuwa nilisoma jalada." Akavuta pumzi. "Na kama kuna mtu hapa anataka kucheka, acheke sasa, maana kesho nina wagonjwa."

Hakuna aliyecheka. Yule yule aliyesema dawa ya usingizi ndiye aliyeomba wimbo upigwe tena, na ukapigwa mara sita, uwanja mtupu, watu wamekaa vichwa vimeinama. Mara ya nne muuza samaki mmoja alipiga kelele, "Ala! Huyo!" na kuanzia hapo wakawa wanamsikia mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoonyeshana ndege mtini. Fidelina alikaa karibu na mlango. Alikunywa bia moja, akarudi nyumbani na santuri yake.

Kilichobaki kilikuwa jina. Fidelina aliandika barua kwenda anwani iliyokuwa nyuma ya jalada, nami niliipeleka mwenyewe hadi posta kuu. Ikarudi na mhuri kwamba hakuna mtu wala kampuni pale. Akamwandikia Eliécer kule Newark. Eliécer alikuwa mzito wa kujibu, lakini safari hii alichapuka, nadhani kwa sababu dada yake hakuwahi kumwomba kitu. Aliuliza kwa kinyozi wake, kinyozi akauliza kwa wateja, na baada ya miezi kumi na moja alimpata mpiga besi wa lile kundi, mzee Toño Quiles, anayeishi kwa mjukuu wake na kuuza bima.

Nilipofikisha barua ya mzee huyo, Fidelina alinikaribisha ndani, jambo ambalo hakulifanya wakati wa kazi. Akaisoma kwa sauti.

Siku ya kurekodi, mzee Toño alisema, Moncho Berríos hakufika. Alikuwa ametiwa ndani kwa kuendesha lori bila leseni, na majina ya jalada yalikuwa yameshapelekwa kwa mchapaji. Waitikiaji wakabaki wawili. Mke wa fundi mitambo alikuwa amekuja na sufuria ya wali na mbaazi kwa ajili ya chakula cha mchana, nao wakamwomba aitikie. Aliitwa Providencia Alicea. Walimsimamisha hatua tatu nyuma asiwafunike wanaume. Alifurahi sana siku ile, mzee aliandika, akawauliza santuri ikitoka watu watajua kuwa ni yeye? Wakamwambia ndiyo. Alifariki mwaka 1979. Mzee alisema katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuliza habari zake.

"Wawili na mmoja," Fidelina alisema. "Kwa hiyo kweli watatu. Mimi nilikuwa nahesabu wanne."

"Hata wewe ulikosea!"

"Nilikosea." Alikunja barua. "Kumbe yule niliyedhani ni mwanamume wa tatu ndiye yeye vilevile, anapoimba chini. Ngoja nisikilize tena."

Aliandika jina la Providencia Alicea nyuma ya jalada, chini ya yale matatu, kwa kalamu ya kuchorea vitambaa. Jina la Moncho hakulifuta. Daktari alipoambiwa habari ya lori na leseni, alicheka mpaka akatoa miwani.

Alhamisi ziliendelea. Watu wengine wa baa ya Ovidio wakaanza kuja, wawili watatu, kila mmoja na kiti chake. Lakini mwaka 1996, mwaka niliostaafu, Fidelina alinivuta pembeni. Alisema Providencia anapotea. Zamani alimsikia hata akiwa jikoni, sasa inabidi aache kila kitu, na siku nyingine hamsikii kabisa. Alikuwa na hofu usoni. Alikuwa ameona yaliyompata daktari, naye alikuwa amekaa na cherehani miaka mingi.

Nikasikiliza. Sikumsikia hata mimi. Tukamwita binti wa daktari, naye hakumsikia.

Daktari aliichukua santuri, akaishika kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. Mifereji yake ilikuwa imepauka, kijivu badala ya nyeusi.

"Wewe mzima," alimwambia. "Ni sindano. Miaka ishirini na mbili unaikwangua. Sauti nyembamba ndizo zinazoliwa kwanza, Bi Fidelina, kwenye plastiki kama kwenye masikio."

Fidelina akauliza, "Ina maana mimi ndiye niliyemmaliza?"

"Kama kuna santuri nyingine kama hii duniani, hajaisha."

Alimtafuta miaka miwili. Aliandikia wakusanyaji wa Medellín, wa Caracas, wa Panama. Mwishowe mjane mmoja wa Barranquilla alisema anayo, lakini haitoi kwa posta, na hataki fedha. Anataka santuri arobaini za kuchagua mwenyewe kwenye orodha ya daktari. Alichagua arobaini bora. Daktari alizipakia kwenye masanduku mawili, akapanda basi, akaenda karibu siku nzima na usiku wake, akiwa na miaka sitini na mbili na mgongo unaomsumbua. Alirudi Jumatano. Alhamisi tulikuwa wote pale.

Fidelina aliitoa kwenye jalada kwa vidole viwili. Ilikuwa nyeusi tititi, haijaguswa. Alikuwa amebadilisha sindano. Akaiweka upande wa pili, wimbo wa tatu. Daktari hakuutazama mtambo. Alimtazama Fidelina usoni, maana hapo ndipo angesoma. Kiitikio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilipofika, Fidelina alirudi nyuma hatua moja.

"Ni yeye?" daktari akauliza.

"Ni yeye. Yuko karibu mno." Akafuta macho kwa kola ya mtu. "Daktari, anatabasamu. Unasikia kabisa kwamba anatabasamu."

"Mimi sisikii. Wewe niambie."

Basi akamwambia, neno kwa neno, huku wimbo ukiendelea. Baadaye akaongeza kwamba mpiga tarumbeta anakohoa kabla ya wimbo wa nne, na kwamba upande wa kwanza una kelele nyingi kuliko alivyozoea, haupendi bado.

Daktari Rentería alihamia kwa binti yake Palmira alipozidiwa na mgongo, na alifariki mwaka 2005. Watoto waliuza zile santuri zake, na naambiwa sehemu yake kubwa ilikwenda Japani. Eliécer alikuja mara moja kutoka Newark, mnene, amevaa saa mbili, akashangaa kukuta watu wanane wamekaa kimya sebuleni kwa dada yake wakisikiliza kitu alichosema afunikie sufuria.

Fidelina sasa ana miaka sabini na minne. Macho hayamruhusu tena kushona. Alhamisi bado tunakwenda, mimi, Amparo, binti wa daktari akipata nafasi, na vijana wawili wa chuo wanaobeba viti. Alhamisi iliyopita tulisikiliza upande wa kwanza mara mbili, tukala sancocho, ule mchuzi wetu mzito wa kuku, tukaondoka kabla ya mvua.